KIA Si Uwanja wa Ndege Tu

Mdogo wangu alinipigia simu Ijumaa moja mwanzoni mwa Desemba. "Kaka, nimechukua Kia." Nikamuuliza anasafiri kwenda wapi, na ndege yake inaondoka saa ngapi. Kimya kidogo, kisha kicheko.

Kwa sisi tuliokulia kati ya Moshi na Arusha, KIA ni ule uwanja wa ndege wa pale Hai, ile njia panda unayoipita baada ya Boma Ng'ombe ukielekea Arusha. Uwanja upo tangu mwaka 1971. Mtu akisema "nipo KIA" unajua anapokea mgeni au anamsindikiza mtu. Kwamba Kia inaweza kuwa gari la Kikorea la kuegesha uani kwako usiku, na jirani akachungulia juu ya ukuta, hilo ni jambo la juzi juzi.

Mimi nauza spea Arusha, upande wa Unga Limited, mwaka wa 19 sasa. Sifa ya gari siipimi kwa matangazo wala kwa maneno ya kijiweni. Naipima kwa rafu. Nilipoanza kazi, mali yote ya Kikorea ilikaa ndani ya boksi moja la maji ya chupa chini ya kaunta: filta mbili za oili, brekipedi za Daewoo Matiz, na kioo cha pembeni ambacho hakuna aliyejua ni cha gari gani. Tajiri wangu aliliita boksi lile mochwari. Kilichoingia hakikutoka kikiwa hai.

Maneno ya wateja wakati ule nayakumbuka vizuri. Gari la Kikorea lilikuwa "gari la plastiki", "gari la mzungu wa mradi", na lile lililonichekesha kuliko yote, "ukilinunua umelioa", yaani hakuna talaka, hakuna atakayelinunua kutoka kwako, mtazeeka pamoja. Sura zake nazo zilisemwa. Mteja mmoja wa Sombetini alikuwa akisema gari la Kikorea ni kama mtu aliyevaa suti ya kuazima: kila kipande kizuri, hakuna kinachomkaa.

Wengi wanadhani tuliipenda Toyota kwa sababu tuliiweka kwenye mizani na nyingine tukaona inazidi. Hatukuweka kitu kwenye mizani. Wajapani wanaendesha kushoto kama sisi, usukani wao uko kulia, kwa hiyo gari lililomchosha Mjapani linapakiwa melini na kushuka Dar es Salaam likiwa tayari kwa barabara zetu. Korea Kusini wanaendesha kulia. Magari yao yaliyotumika yana usukani kushoto, yakaenda kwa wenye barabara za namna hiyo. Yale machache ya usukani wa kulia yaliyotufikia yalikuwa yamezunguka kwanza nchi kama Uingereza, au yaliletwa mapya na miradi na balozi, yakauzwa mradi ulipokwisha.

Sasa magari yakiwa machache, spea zinakuwa chache. Spea zikiwa chache, fundi halijui gari. Na fundi wetu, Mungu ambariki, hajawahi kutamka neno "sijui". Husema "hili gari ni bovu". Mwenye gari analibeba neno hilo mpaka nyumbani, mpaka kanisani, mpaka kwenye kikao cha harusi. Mwaka unaofuata hakuna anayeagiza, na magari yanazidi kuwa machache.

Sisemi Toyota haikustahili. Hiace zilizopandisha watu, mikungu ya ndizi na mbuzi kwa safari moja mpaka migombani zingestahili sanamu pale Mnara wa Saa. Nasema tu kwamba hukumu ya Mkorea tuliitoa kabla shahidi hajaitwa.

Katika ukoo wetu hukumu hiyo ina tarehe. Mwaka 2007 baba yangu mdogo alinunua gari la Kikorea lililoinuka juu, la kijani cha chupa, namba A, kutoka kwa mzungu aliyekuwa anafunga nyumba Shanty Town pale Moshi na kurudi kwao. Sitalitaja jina la gari, kwa sababu kosa halikuwa lake. Krismasi ile bamdogo alipanda nalo Kibosho. Mnajua Desemba ya Uchagani: watu wanakuja kuwaona wazazi, ndiyo, lakini wanakuja pia kuonyeshana magari. Yanapangwa nje ya kanisa kama maonyesho ya Nane Nane, na wazee wanapita wakiyakagua mikono nyuma. Mzee mmoja akagonga boneti la bamdogo kwa kifundo cha kidole, kama anayenunua tikiti maji, akauliza, "Hili nalo ni aina ya Toyota?" Akaambiwa ni la Korea. Akafikiri kidogo. "Wale wa tivii?"

Bamdogo alicheka, lakini nadhani ile ilimkaa rohoni.

Mwaka 2009, kwenye mlima wa kurudi nyumbani, injini ililia *tak* mara moja, ikanyamaza. Fundi wa Majengo alipofungua alikuta taimingi belti imekatika. Hakukuwa na belti ya gari lile Moshi nzima, na kule dukani kwetu Arusha mochwari haikuwa nayo. Fundi akatafuta belti ya gari jingine, akazihesabu meno, akasema "karibu sawa", akaifunga. Tatizo halikuwa meno. Belti ya injini ya namna ile ikikatika wakati gari linatembea, pistoni zinapanda na kuzikuta valvu bado ziko wazi, zinazigonga, valvu zinapinda. Hata angefunga belti iliyotoka kiwandani asubuhi ile, injini isingewaka. Ilipigwa stata mpaka betri ikafa, kisha gari likavutwa kwa kamba mpaka nyumbani na kuegeshwa chini ya mparachichi. Mvua za masika zilipokuja, kuku walikuwa wanatagia siti ya nyuma.

Miezi kadhaa baadaye nilikuwa natafuta kadi ya gari kwenye dashibodi nikakuta kitabu cha mwongozo, bado kiko kwenye mfuko wake wa nailoni. Kinasema wazi belti ibadilishwe baada ya kilomita ngapi. Nikaangalia saa ya kilomita. Tulikuwa tumeipita namba hiyo kwa zaidi ya 30,000. Na mimi, muuza spea, nilikuwa nimelipanda gari lile mara nyingi tu, nimelinunulia oili mara mbili, na sikuwahi kuuliza habari ya belti. Jambo hili sikumwambia bamdogo kwa miaka mingi.

Lakini hukumu ilishatoka: Mkorea. Kwetu "kufanya Kikorea" kukawa na maana ya kukuacha njiani. Simu ikizima ghafla, "imefanya Kikorea", hata kama ni ya Mchina. Bwana harusi mmoja alichelewa kanisani kwa saa mbili, naye akaambiwa hivyo hivyo.

Nilianza kusoma habari za magari haya kwa sababu ya uvivu wa Januari. Ada za shule zimekausha mifuko, hakuna mteja, unakaa na simu. Nikakutana na habari ya Chung Ju-yung, mtoto wa mkulima, ambaye mwaka 1940 alichukua gereji ya kutengeneza magari Seoul. Haukupita muda gereji ikashika moto, magari ya wateja yakiwa ndani. Akakopa tena, akaanza upya. Niliisoma sehemu hiyo mara mbili, maana Unga Limited naijua: fundi anayeunguliwa na gari la mteja hapa huwa anahama mkoa. Yule ndiye aliyekuja kuanzisha Hyundai, neno ambalo kwa Kikorea maana yake ni "kisasa", na kampuni ya magari ikazaliwa mwaka 1967. Walianza kwa kuunganisha Ford Cortina pale Ulsan, kwa vipande vya wenzao.

Gari lao wenyewe la kwanza, Pony, lilionyeshwa Turin mwaka 1974 na kuanza kutengenezwa mwaka uliofuata. Mchoro ni wa Mtaliano Giorgetto Giugiaro, yule yule aliyechora Volkswagen Golf ya kwanza. Msimamizi wa kazi alikuwa Mwingereza, George Turnbull, waliyemchukua kutoka British Leyland. Injini ilitokana na ya Mitsubishi. Kuna watu husimulia hayo kwa kejeli. Mimi sioni aibu yake. Hapa Arusha tunaikata Land Cruiser katikati, tunairefusha, tunaiwekea paa la kufunguka ili mtalii asimame kumwona simba, na tunajisifia nayo mpaka Serengeti. Kila mtu anaanza na kazi ya mwenzake mkononi. Na Pony, ukiitazama picha yake leo, ni gari zuri: mistari iliyonyooka, hakuna urembo wa bure. Ubaya wa sura ulikuja baadaye, walipotaka kufanana na kila mtu.

Aibu halisi iliwapata Marekani. Mwaka 1986 Hyundai walipeleka huko gari lao la Excel kwa dola 4,995, wakauza magari 168,882 mwaka wa kwanza. Kisha magari yakaanza kuharibika, wachekeshaji wa tivii wakapata riziki. Vichekesho vile vya Wamarekani na vya Kibosho juu ya gari la bamdogo ni ndugu wa tumbo moja. Mwaka 1997 uchumi wa Asia ukayumba, Kia ikafilisika, na Hyundai ikainunua mwaka 1998.

Hapo ndipo walipofanya kitu ambacho muuza spea yeyote atakiona ni wazimu. Waliwaambia Wamarekani: injini na giaboksi tunakupa dhamana ya miaka 10 au maili 100,000. Miaka 10! Dhamana ya dukani kwetu inaishia kwenye ngazi. Ukishashuka ngazi ya pili, brekipedi ni zako, matatizo ni yako. Ukiahidi miaka 10 na gari lako ni bovu, wewe ndiye utakayefilisika, kwa hiyo ahadi ile haikuwa ya mteja peke yake, ilikuwa bakora kwa wahandisi wao wenyewe. Aliyeishika bakora ni mtoto wa mwanzilishi, Chung Mong-koo, aliyechukua uongozi mwaka 1999. Yeye kabla ya hapo alikuwa ameongoza kampuni ya kundi lao iliyoshughulikia huduma na matengenezo. Yaani alikuwa upande wetu wa kaunta. Alishaziona injini zikirudi.

Mwaka 2004 upimaji wa kampuni ya utafiti ya J.D. Power wa matatizo ya gari jipya katika siku 90 za kwanza uliiweka Hyundai mbele ya Toyota kule Marekani. Tazama tarehe. Bamdogo alinunua gari lake miaka mitatu baada ya hapo, na sisi ndiyo kwanza tulikuwa tunaanza kucheka.

Lakini uimara hauonekani barabarani. Sura inaonekana, na kwa sura Wakorea walikuwa bado wanahangaika. Kuna ile SsangYong Rodius ya mwaka 2004, ambayo wachoraji walikusudia ikumbushe boti ya kifahari. Tafuteni picha yake. Mbele ni gari, nyuma ni kama gari jingine limeligonga na wakaamua kuliacha hapo hapo. Ilikuwapo pia Kia Opirus, yenye taa za mbele za mviringo zilizoiga Mercedes kiasi kwamba ukiiona kwa mbali unanyoosha shati, ikikaribia unaona aibu.

Mwaka 2006 Kia walimchukua mchoraji Mjerumani Peter Schreyer kutoka Volkswagen, mtu aliyehusika na Audi TT. Kazi yake ya kwanza ilikuwa uso. Gari la Kia halikuwa na uso. Ungeng'oa nembo usingejua ni la nani. Akaipa shoo ya mbele umbo lililobanwa katikati, juu na chini, ambalo wao huliita pua ya simbamarara, na likaonekana kwanza kwenye gari la maonyesho Frankfurt mwaka 2007. Unaweza kusema ni kitu kidogo, shoo tu. Lakini sisi binadamu tunasoma nyuso. Mtoto wa miaka mitatu anakuambia gari lile limekasirika, lile linacheka. Magari ya zamani ya Kikorea yalikuwa na uso wa mtu anayesubiri kuambiwa akae wapi. Haya mapya yanakutazama.

Gari la mdogo wangu ni Kia Sportage ya umbo lile lililotoka mwaka 2010, jeupe. Lilipoletwa dukani nililizunguka kwa muda mrefu kuliko ilivyo lazima. Kiuno chake kiko juu, vioo vya pembeni ni vyembamba, kama mtu aliyeshusha kofia karibu na macho. Nilipitisha ukucha kwenye upenyo kati ya mlango na bodi, kutoka juu mpaka chini, nikaupata ule ule njia nzima. Nikafunga mlango wa dereva. Haukulia *kwa*, ulilia *mbu*. Fundi wa pembeni alisikia sauti hiyo akainua kichwa.

Huyo fundi ni mzee wa miaka sitini na kitu, na kwa miaka yote ninayomjua alikuwa na msemo mmoja: kuna Toyota, halafu kuna vyombo vya usafiri. Siku hizi ana mashine ya kusomea kompyuta ya gari, mwanawe ndiye anayeibonyeza, yeye anasoma kwa miwani. Nikamuuliza, "Shikamoo mzee, unalionaje?" "Marahaba. Halina siri," akasema. "Ukilichomeka linasema lenyewe linaumwa wapi. Yale ya zamani mpaka ulibembeleze." Nikajua hapo kitu kimehama. Kisha akaongeza, maana si mtu wa kukubali kirahisi, "Lakini Toyota ukifiwa usiku, asubuhi umeshaiuza. Hili utazika kwanza."

Na hapo ana hoja, nisije nikaonekana nimelipwa. Rafu yangu ya Kikorea sasa ni mistari miwili kamili, Tucson, Sportage, Santa Fe, Picanto, mochwari ilishafungwa. Hata hivyo shokapu ya Toyota IST nakupa sasa hivi ukiwa umesimama. Ya Sportage huenda nikasubiri basi la Dar, au mzigo uvuke Namanga kutoka Nairobi, na bei inavuka nao. Madalali wanalijua hilo, ndiyo maana wanakata bei. Wakorea nao wameendelea kuumbuka kwa namna zao. Kuanzia mwaka 2015 waliita gereji magari mengi Marekani kwa sababu ya injini za Theta II ambazo beringi zake za chini zilikuwa zinakufa. Kisha ikajulikana kwamba magari yao mengi ya huko hayakuwekewa kifaa cha kuzuia injini kuwashwa bila ufunguo wake, vijana wakawa wanayaiba kwa waya wa kuchajia simu. Kampuni inayojua kuchora uso namna ile na kusahau kufuli! Hilo mpaka leo linanishinda.

Nani basi aliyebadilisha midomo yetu? Nikiangalia wateja wangu, sidhani ni J.D. Power. Vijana waliona picha kwenye simu kabla hawajaliona gari lenyewe. Kijana wangu wa dukani, ambaye hana hata pikipiki, anaweza kukueleza kwa nini taa za Hyundai Ioniq 5 ni vimraba vidogo vidogo, na kwamba umbo lake limeikumbuka Pony ya mwaka 1974. Gari hilo lilichukua tuzo ya Gari la Dunia mwaka 2022, na Kia EV9 ikachukua ile ya mwaka 2024. Halafu ikaja treni. Mwaka 2024 treni ya umeme ilipoanza kutoka Dar kwenda Dodoma, ile yenye pua ndefu ambayo nchi nzima iliibatiza Mchongoko, watu walipiga picha nayo kama na bibi harusi. Imetengenezwa na Hyundai Rotem. Mteja mmoja, mwenye Prado, aliponiuliza kama Hyundai hiyo ni wale wale, nikamjibu ni ukoo mmoja. Akasema "Ehee", ile ndefu. Wiki mbili baadaye alikuja kuuliza bei ya Tucson, kwa ajili ya mkewe, alisema.

Niliona hapo namna tunavyobadili mawazo. Macho yanakwenda kwanza, mdomo unafuata, mkono wa kutoa hela unakuja wa mwisho ukiburuta miguu. Mimi mwenyewe bado naendesha Toyota Probox.

Krismasi tulipanda Kibosho na lile jeupe. Mdogo wangu aliendesha, mimi pembeni, mama nyuma akisema taratibu kila kona. Pale nje ya kanisa wazee walipita mikono nyuma. Hakuna aliyeuliza kama ni aina ya Toyota. Mmoja aliuliza linakunywa mafuta kiasi gani, swali ambalo kwetu ni heshima, kwa maana haliulizwi kwa gari usilolifikiria.

Jioni bamdogo akaja nyumbani kwa miguu, na fimbo yake. Lile la kijani bado liko chini ya mparachichi. Injini iliuzwa chuma chakavu, watoto wanaendeshea usukani. Alilizunguka la mdogo wangu mara moja kimya kimya, akaomba boneti lifunguliwe. Akainama, akatazama kwa muda mrefu kule upande wa mbele wa injini, kama mtu anayemtafuta anayemdai kwenye umati.

"Belti ya hili inabadilishwa baada ya kilomita ngapi?" aliniuliza mimi, si mwenye gari.

"Hili halina belti ya taimingi, bamdogo. Lina cheni."

Nikaona huu ndio wakati, nikamweleza habari ya kile kitabu cha kwenye dashibodi, na zile kilomita 30,000. Alisikiliza akiwa bado ameinama. Akasimama taratibu, akafunga boneti kwa mikono miwili.

"Kitabu kilikuwa Kiingereza," akasema. Kisha akamwomba mdogo wangu ufunguo, akaketi upande wa dereva, akaufunga mlango. Akaufungua. Akaufunga tena.